Siku Kumi na Mbili za Mauritius

Jioni ya tarehe 25 Julai, 2020, meli ya mizigo Wakashio, mali ya kampuni ya Japani, ilipanda miamba ya matumbawe karibu na Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mauritius. Haikuwa na shehena, lakini matangi yake yalikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta ya kuiendeshea. Ilikaa pale siku 12 ikipigwa na mawimbi. Tarehe 6 Agosti ubavu ukapasuka, na tani zipatazo 1,000 zikamwagika penye mikoko, matumbawe na riziki ya wavuvi.

Ndugu wasikilizaji, Mauritius haina jeshi la ulinzi. Walinzi wa pwani yake ni kikosi cha Jeshi la Polisi. Kwa hiyo jukumu la kwanza liliwaangukia askari polisi. Waziri wa Mazingira alikiri hadharani kwamba vifaa havikutosha. Vifaa vyenyewe si vya ajabu: maboya marefu yaliyoungwa kama ukuta ili mafuta yasienee, mashine za kuyanyonya juu ya maji, pampu, na matangi ya kuyahifadhi. Lakini kila kimoja chahitaji watu waliofunzwa na mashua ya kukivuta.

Penye upungufu huo wananchi walijitokeza. Katika mji wa Mahebourg walishona vitambaa, wakavijaza majani makavu ya miwa na kufunga chupa tupu ili vielee. Ndege na meli ya kijeshi ya Ufaransa vilileta vifaa kutoka kisiwa cha Réunion. India ilituma vifaa na askari wake wa pwani. Japani ilituma wataalamu.

Hadi tarehe 12 Agosti, karibu mafuta yote yaliyosalia melini, yapata tani 3,000, yalikuwa yamekwisha kuvutwa kwa pampu. Siku 3 baadaye meli ilikatika vipande viwili. Ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka, ni dhahiri kwamba kila siku ambayo pampu zingalitangulia ingaliwapunguzia wavuvi hasara.

Somo hili si geni. Mwezi Machi 1967 meli Torrey Canyon, yenye tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi, ilikwama kusini-magharibi mwa Uingereza. Baada ya siku 10, ndege za kivita zilianza kuipiga mabomu ili mafuta yaungue. Pwani haikuokoka, na kemikali zilizomwagwa kuyatawanya mafuta ziliua viumbe wengi wa bahari. Nguvu za silaha haziwezi kuziba pengo la maandalizi.

Mwezi Desemba 2021, mahakama ya Mauritius ilimhukumu nahodha wa Wakashio na msaidizi wake kifungo cha miezi 20. Hukumu ni haki, lakini haisafishi mikoko.

Mwaka 1985, mataifa ya upande huu wa Bahari ya Hindi yalitia saini mjini Nairobi itifaki ya kusaidiana panapotokea uchafuzi wa bahari wa ghafla. Saini hiyo hupata uzito pale tu ambapo maboya yamo ghalani, pampu zimejaribiwa, na askari wa zamu anajua amwarifu nani. Adui wa namna hii hupigwa angali ndani ya tangi. Akishafika ufukweni, kinachobaki ni kufagia.