Chungu cha Bi Aisha baada ya watu kuondoka



Ndugu yangu, leo naomba tuzungumze habari ya supu. Usicheke. Tukiambiwa darsa ni la historia, wengi tunangoja vita na panga, nani alishika bendera, mji upi ulifunguliwa mwaka gani. Lakini Sira ina majiko pia, na humo kuna chungu kimoja nataka ukijue.

Bi Aisha (r.a.) alipokuwa akifiwa na mtu wa kwao, wanawake walikuwa wakikusanyika nyumbani, kisha wakatawanyika wakabaki watu wa nyumba na wale wa karibu tu. Hapo ndipo alipoamuru kibandikwe chungu cha talbina. Ikiiva, hutengenezwa tharidi, yaani mkate uliovunjwavunjwa na kurowekwa kwenye mchuzi, na ile talbina humiminwa juu yake. Kisha akiwaambia wale, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba talbina huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Talbina ni uji mwepesi wa shayiri, au ukipenda iite supu ya shayiri. Jina lake wanazuoni wanalirudisha kwenye "laban", maziwa, kwa weupe na wepesi wake. Si chakula cha fahari. Bi Aisha mwenyewe alikisifu kuwa ni kitu ambacho mgonjwa hakipendi lakini kinamfaa. Kila aliyemlisha mtoto mwenye homa analijua hilo.

Sasa tazama wakati wake. Chungu hakikubandikwa nyumba ikiwa imejaa. Kilibandikwa watu walipoondoka, mikeka ilipokunjwa, sauti zilipopungua na mfiwa akaanza kusikia ukimya wa nyumba. Na litazame lile neno "baadhi". Mtume (s.a.w.) hakuahidi kwamba bakuli la uji litamaliza msiba. Kinachoondoka ni baadhi, na kwa mtu aliyefiwa baadhi ni kitu kikubwa.

(Na hapa niseme kidogo, maana mnanitumia matangazo. Wapo wanaouza unga wa talbina kwenye simu wakidai unatibu sukari, presha, uzazi na kila kitu. Hadithi imetaja moyo wa mgonjwa na huzuni. Tuishie hapo ilipoishia, na dawa za hospitali usiziache.)

Mkate na mchuzi kuwa faraja ya watu lilikuwa jambo la kale kwa Makuraishi. Baba wa babu yake Mtume (s.a.w.) jina lake la asili ni Amru. Waandishi wa Sira wanaeleza kwamba watu wa Makka walipopatwa na njaa, aliwavunjia mkate akawalowekea katika mchuzi wakala. Kwa Kiarabu kuvunjavunja ni "hashama", ndipo akaitwa Hashim, na ukoo wote ukawa Banu Hashim. Ukoo mtukufu kuliko zote umebeba jina la mtu aliyekuwa akivunja mkate kwenye supu!

Kisha njoo mwaka wa 8 Hijria. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) ameuawa shahidi Muta, amemwacha mkewe Asma bint Umays na watoto wadogo. Mtume (s.a.w.) akaagiza familia ya Jaafar itengenezewe chakula, kwa sababu limewafika jambo la kuwashughulisha. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi. Chakula kilitoka kwa watu kwenda kwa wafiwa.

Sisi tumegeuza. Nimekaa kwenye matanga nikala pilau, na baadaye nikajua kwamba mchele ulikopwa dukani kwa jina la mjane. Nilijuta kila tonge. Na mara nyingine nilimtembelea mzee mmoja wa msikitini kwetu, wiki moja tangu mkewe azikwe. Siku tatu za kwanza nyumba yake haikuwa na pa kukanyaga. Siku ile nilimkuta peke yake na chupa ya chai iliyopoa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, umekula?" Akasema, "Mwanangu, sijui kuwasha lile jiko lake."

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji yake, kisha aangalie nyumba za jirani zake awapelekee kwa wema. Ipo katika Sahih Muslim. Hakuambiwa aongeze nyama, maana huenda hana. Maji anayo. Wali wa watu wanne ukiwagawia watu sita kuna atakayebaki na njaa. Supu inakubali kuongezwa, na wa sita anapata bakuli la moto kama wa kwanza.

Umma ulilichukua jambo hili ukalifanyia waqfu. Msafiri Nasir Khusraw alifika Al-Khalil, Palestina, mwaka 1047 akakuta kila mgeni anapewa mkate na bakuli la adesi zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni. Na katika Quds, Hurrem Sultan, mke wa Sultan Suleiman, aliweka waqfu wa jiko la maskini mwaka 1552: supu ya mchele asubuhi, supu ya ngano jioni. Majiko hayo ya Al-Khalil na Quds yameendelea kulisha watu hadi zama zetu hizi.

Wewe huna vijiji vya kuweka waqfu kama Hurrem. Una sufuria. Chukua unga wa shayiri vijiko viwili vikubwa, ukoroge kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, weka moto mdogo, koroga mpaka uive. Tia maziwa, kisha asali. Ukikosa shayiri, supu ya kuku au ya mifupa uliyopikia wanao inatosha, ongeza maji na chumvi kidogo. Funika bakuli kwa kawa, mpe mtoto apeleke kama tunavyopelekeana futari Ramadhani.

Usiende nalo siku ya mazishi, siku hiyo wapishi ni wengi. Nenda siku ya nne, au ya kumi, turubai likishafunguliwa. Na ukimkuta yuko peke yake, kaa naye mpaka amalize kunywa.

Wallahu aalam.