Kurudi si kushushwa kwenye lori: habari za korongo la Mto Snake

Jina la Idaho si geni kambini. Ukiuliza ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wako wapi, utasikia Boise, utasikia Twin Falls. Miji hiyo yote miwili iko katika bonde la Mto Snake, yaani Mto Nyoka. Lakini wachache wanajua kwamba mto huo, ukishageukia kaskazini kwenye mpaka wa majimbo ya Idaho na Oregon, unaingia katika korongo la kutisha liitwalo Hells Canyon, korongo la jehanamu. Na huko palikuwa na watu walioambiwa: mna siku 30, hameni.

Kwanza tulione korongo lenyewe. Upande wa Idaho imesimama milima ya Seven Devils, yaani mashetani saba. Ukisimama kwenye kilele chake kirefu, He Devil, kutoka hapo hadi maji ya mto ni karibu mita 2,400 kwenda chini. Ni moja ya makorongo yenye kina kirefu kabisa Amerika ya Kaskazini. Juu kuna theluji miezi mingi, ila chini kuna joto na majani hata wakati wa baridi. Humo wapo dubu weusi, puma, tai na kondoo mwitu wenye pembe nene zilizojikunja. Mtoni yuko stajoni, samaki mkubwa anayeweza kupita mita 3 na kuishi miaka mingi kuliko binadamu wengi.

Kwa sababu ya joto hilo la chini, Wanimiipuu, ambao wageni waliwaita Nez Perce, walishuka korongoni na farasi na ng'ombe wao majira ya baridi. Kiangazi walipanda kwenye bonde la Wallowa, upande wa Oregon. Korongo halikuwa jehanamu kwao, lilikuwa nyumbani.

Mwaka 1855 serikali ya Marekani iliandika nao mkataba wa kuwaachia ardhi kubwa, Wallowa ikiwemo. Miaka mitano baadaye dhahabu ikaonekana ndani ya ardhi hiyo. Basi mwaka 1863 ukaletwa mkataba mwingine uliokata karibu sehemu 9 kati ya 10. Machifu wengine walitia sahihi, ila mzee wa Wallowa, baba yake Chifu Joseph, alikataa. Serikali ikahesabu sahihi za wengine kana kwamba ni zake. Yaani watu walilala kwao wakaamka wavamizi, na hawakuwa wamesogea hata hatua moja. Sisi tuliotoka kwenye nchi za mipaka na vitambulisho tunaijua habari hiyo.

Mwezi Mei 1877 Jenerali Oliver Otis Howard ndiye aliyetoa zile siku 30. Huyu si mtu wa kupita haraka. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, aliongoza ofisi ya serikali iliyowahudumia watumwa walioachwa huru: chakula, shule, matibabu. Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kina jina lake. Kwa lugha ya leo tungemwita mtu wa misaada. Mkono uliogawa chakula kule ndio uliofukuza huku. Wenzetu wa mashirika wanaosoma hapa, hilo nawaachia.

Wakahama. Mwisho wa Mei mto ulikuwa umefurika maji ya theluji. Waliwavusha wazee, watoto na mizigo kwa vyelezo vya ngozi vilivyovutwa na farasi. Watu walivuka salama, lakini mifugo mingi ilichukuliwa na maji. Katikati ya Juni vijana wachache wenye uchungu waliwaua walowezi, na vita ikaanza. Watu kama 750, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakakimbia miezi karibu minne, takriban kilomita 1,900, wakitaka kufika Kanada. Mnamo Oktoba 5, 1877, Joseph aliweka silaha chini. Mpaka ulikuwa umebaki kama kilomita 64 tu. Baadhi walipenya usiku wakavuka na Chifu White Bird. Zaidi ya 400 walipelekwa mbali kusini, na wengi wakafa huko kwa maradhi.

Mwaka 1885 waliobaki waliruhusiwa kurudi. Walikuwa 268. Hapo ndipo neno "kurudi" linapohitaji kuangaliwa vizuri. Watu 118 walipelekwa Lapwai, Idaho. Wengine 150, Joseph akiwa mmoja wao, walipelekwa Colville, jimbo la Washington, ardhi ya watu wengine. Wallowa hawakurudishwa. Joseph aliomba hadi alipofariki mwaka 1904, na akazikwa hukohuko Colville. Kwenye karatasi alikuwa amesharudi.

Wanyama wa korongo nao wanafundisha jambo hilohilo. Wale kondoo mwitu walimalizwa na bunduki na magonjwa ya kondoo wa kufugwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 hawakuwepo tena. Mwaka 1971 wengine walianza kuletwa kutoka kwingineko na kuachiwa humo. Wakazaana, lakini homa ya mapafu ikawapiga tena na tena, kwa sababu kilichowaua wa kwanza hakikuwa kimeondoka. Kushushwa kwenye lori ni jambo moja, kuishi ni jingine.

Samaki samoni yeye hahitaji lori, anahitaji njia. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kwao kuzaa. Zamani alipanda Mto Snake hadi maporomoko ya Shoshone, jirani kabisa na Twin Falls. Kati ya 1958 na 1967 mabwawa matatu yalikamilika korongoni, na samoni hawezi kuyapita. Njia ikafungwa. Bwawa jingine kubwa lilipangwa chini zaidi, lakini mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilitaka kwanza ichunguzwe kama linahitajika kweli, na sheria ya Desemba 31, 1975 ikalizuia. Ndiyo maana kipande hicho cha mto bado kinatiririka huru.

Na wenyewe hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1990 Wanimiipuu walinunua maelfu ya ekari karibu na Wallowa, nchi ileile waliyofukuzwa. Mwaka 2017, wakishirikiana na jimbo la Oregon, waliachia samoni wachanga kama nusu milioni katika Mto Lostine, unaotoka milima ya Wallowa. Maji ya mto huo huingia Snake chini ya yale mabwawa matatu, na mabwawa mengine kuelekea baharini yana ngazi za kupandia samaki. Mwaka uliofuata samoni wakubwa walianza kuonekana wakipanda Lostine, bila kubebwa na mtu.

Kwa hiyo tukiulizwa kama tunataka kurudi, tuna haki ya kuuliza nasi: kurudi wapi hasa, na kile kilichotufukuza kimeshaondoka?