King'amuzi na Kigeuza Tarakimu: Historia ya Jina Lililotaja Nusu ya Kazi

Mwaka 2012 ulileta mambo mawili katika pande za magharibi ya Kagera. Wilaya ya Karagwe iligawanywa, ikazaliwa Kyerwa. Na tarehe 31 Desemba mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia. Chanzo cha mabadiliko hayo ni mapatano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, ambayo yaliweka 17 Juni 2015 kuwa ukomo. Tangu Kayanga hadi Murongo, mpakani mwa Uganda, mwenye televisheni ya zamani alihitaji kisanduku cha kati. Watu wakakiita king'amuzi.

Kwa sarufi, jina hili halina kasoro. Kuamua kumetupa mwamuzi. Kung'amua kukatupa king'amuzi. Lakini limetaja nusu tu ya kazi. Kisanduku hupokea mawimbi na kung'amua tarakimu zilizofichwa ndani yake. Televisheni yenye chogo, kama isemwavyo mitaani, haijui tarakimu: hutaka volti zinazopanda na kushuka kwa mfano wa picha yenyewe. (Ndiyo maana neno analojia, ambalo wanamantiki walikwisha kulitumia kwa maana ya mfanano, halikukosea hapa.) Basi ndani ya king'amuzi mna kifaa cha pili, kinachogeuza tarakimu kuwa umeme wa namna hiyo, nacho kikaachwa bila jina.

Kifaa hicho kina historia ya uchaguzi wa saketi. Aghalabu kigeuzi cha picha hutoa mkondo, wala si volti. Volti hupatikana mkondo unapopita katika ukinzani. Waya wa picha una omu 75 kila upande, yaani kwenye kisanduku na kwenye televisheni, hivyo kigeuzi huona omu 37.5. Ili kufikia volti 1.3 kwa njia hiyo, yatakiwa takribani miliampia 35. Saketi ni nyepesi, rezista moja tu yatosha, lakini umeme huliwa mwingi. Njia ya pili ni kuweka rezista ya omu 300: volti ileile hupatikana kwa miliampia 4 na ushei. Kisha hufuata kichujio na amplifaya inayokuza mara mbili, kwa kuwa nusu ya volti hupotea katika omu 75 za kisanduku kabla ya kufika kwenye televisheni. Vifaa vimeongezeka, lakini kigeuzi hakipati joto. Televisheni iliyo na tundu la antena peke yake huhitaji hatua nyingine tena: picha na sauti hupandishwa juu ya wimbi la redio, na mtazamaji hutafuta chaneli yake kama zamani.

Sasa mfasiri wa kijitabu cha maelezo ataliitaje tundu unakotokea umeme huo? "Toleo" limekwisha kushikwa na vitabu na majarida. "Matokeo" yanamkumbusha mwalimu mitihani. Mwenye kisanduku, aliye na nyaya za njano, nyeupe na nyekundu mkononi, akiambiwa "unganisha matokeo" hataunganisha chochote. Mimi nachagua "tundu la kutolea", ingawa ni refu, kwa sababu lina kinyume chake tayari: tundu la kuingizia.

Kuhusu kifaa chenyewe, nilielekea kwanza kwenye "kigeuzi" pekee, kama nilivyoandika hapo juu. Lakini katika nyumba zinazotumia umeme wa jua kuna kifaa kingine kinachogeuza: kile kinachofanya umeme wa betri ufae televisheni, ambacho watu hukiita inveta. Mfasiri akikipa nacho jina la kigeuzi, fundi atakuwa na vigeuzi viwili juu ya meza moja. Afadhali basi "kigeuza tarakimu", kwa kufuata njia ya kipaza sauti na kinasa sauti, maneno ambayo kila mwalimu anayajua na ambayo hutaja kitu kinachotendwa pamoja na kitendo chenyewe.