Safari ya Damu na Amana ya Elimu: Kumkumbuka Ibn al-Nafis

 



Tumeketi na saumu zetu tukiingoja adhana ya Magharibi. Tutakapofungua kwa tende, sukari yake itaingia katika damu, na damu itaifikisha katika kila kiungo. Jambo hili leo analijua mtoto wa shule. Lakini njia ipitayo damu iliwafichikia wanadamu karne nyingi, na aliyetangulia kuieleza sawasawa sehemu yake moja kubwa alikuwa tabibu aliyekuwa pia faqihi wa dhehebu la Imam Shafi'i, dhehebu tulilolelewa nalo wengi wetu watu wa mwambao.

Huyo ni Alauddin Ali al-Qurashi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa upande wa Damascus kiasi cha mwaka 1213, akasoma utabibu katika hospitali ya Nuri mjini humo, kisha akahamia Misri. Mjini Cairo alitibu wagonjwa, na akasomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya.

Zama zile matabibu waliifuata kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2. Galen alisema kwamba damu hutengenezwa katika ini, na kwamba sehemu yake hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa vitundu vidogo mno vilivyomo katika ukuta ulio baina yao. Ibn Sina aliipokea kauli hiyo katika kitabu chake cha Qanun, na nani angethubutu kuwapinga mabingwa wawili kama hao?

Mwaka 1242, akiwa hajatimiza hata miaka 30, Ibn al-Nafis aliandika sharhi ya sehemu ya Qanun inayohusu maumbile ya viungo. Humo alisema wazi kwamba ukuta ule ni mzito, hauna vitundu vinavyoonekana wala visivyoonekana. Kwa hiyo damu haina budi kutoka chumba cha kulia, ipite katika mshipa hadi mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha irudi chumba cha kushoto. Akaongeza kwamba baina ya mishipa ya mapafu lazima pawe na vijia vyembamba vya kuipitishia.

Tuizingatie adabu yake. Hakumdharau Ibn Sina; alikifanyia sharhi kitabu cha mwalimu, na pale ambapo mwalimu alikosea, alisahihisha kwa hoja. Kumheshimu mwanachuoni ni wajibu wetu, lakini heshima hiyo haituondolei wajibu wa kuitafuta haki.

Hapa hatuna budi nasi kuwa wakweli. Tumezoea kusikia majigambo kwamba Waislamu waligundua kila kitu, na Wazungu wakaiba. Ibn al-Nafis alieleza safari ya damu baina ya moyo na mapafu. Hakueleza mzunguko wa mwili mzima. Huo aliuthibitisha William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Harvey alikadiria damu inayotolewa na moyo kwa nusu saa, akaona inazidi damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani iwe inatengenezwa upya kila wakati, bali ni ile ile inayozunguka. Na vile vijia vyembamba havikuonekana kwa macho hadi mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Italia alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini. Kila mmoja tumpe haki yake, kwani sifa ya uongo haimtukuzi marehemu.

Na sharhi ile ilipatwa na nini? Ilinakiliwa kwa mkono, ikahifadhiwa katika maktaba, na kwa muda mrefu wasomi wachache mno waliijali habari ile ya mapafu. Hata mwaka 1924, kijana wa Kimisri aliyekuwa akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani, jina lake Muhyiddin al-Tatawi, alipousoma mswada uliokuwa Berlin, akatambua uzito wake, na akauandikia tasnifu yake. Kijana huyo alikuwa mgeni katika nchi ya watu, kama walivyo watoto wetu hapa. Elimu ya ugenini ilimpa udaktari. Lugha ya kwao ndiyo iliyomwezesha kukisoma kitabu cha wazee wake.

Ndugu zetu, nasi tunayo miswada yetu. Tenzi na barua za wazee wetu, zilizoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, zimo masandukuni Lamu, Mombasa na Unguja, na nyingine zimehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Tukiwalea watoto wasiojua Kiswahili wala herufi hizo, nani atakayezisoma? Tuwasomeshe tungali hai.

Waliosimulia maisha ya Ibn al-Nafis wanasema kwamba katika maradhi yake ya mwisho, matabibu wenzake walimshauri atumie mvinyo kuwa dawa. Alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa na kilevi mwilini. Alifariki mwaka 1288, na nyumba yake na vitabu vyake akavifanya wakfu kwa hospitali ya Mansuri mjini Cairo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, atutakabalie saumu zetu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.