Kutoegemea Upande: Istilahi ya Mwandishi wa Kumbukumbu

Tarehe 17 Aprili 2024 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walisimamisha mahema kwenye nyasi za chuo chao kupinga vita vya Gaza, wakikitaka chuo kiondoe fedha zake katika kampuni zenye uhusiano na Israel. Kesho yake polisi waliingia, wakakamata watu zaidi ya 100. Ndani ya wiki mbili mahema yakawa yameenea katika vyuo vingi vya Marekani, na usiku wa 30 Aprili polisi wakawatoa watu waliokuwa wamejifungia ndani ya jengo la Hamilton Hall, hapo hapo Columbia. Hadi hapo hakuna wa kubishana naye. Ubishi unaanza na sentensi inayofuata, ile inayotaka kusema tukio hilo lilikuwa nini.

Tuseme mwanafunzi wa Iringo, hapa Musoma, anaandika kumbukumbu ya mambo hayo kwa Kiswahili, ije isomwe na mtu wa Bunda au Butiama miaka 20 ijayo. Hakuwapo New York. Anachokijua amekipata kwa maandishi na picha za wengine, na kila aliyeandika alikuwa na upande wake. Anaambiwa aandike kwa namna ambayo Kiingereza huiita neutral, neno lililotoka katika Kilatini neuter, yaani "si huyu wala si yule". Kiswahili hakimpi neno moja. Kinampa kadhaa, na kila moja linamtuma kazi tofauti.

La kwanza kumjia mtu wa mkoa wetu wa Mara ni kutofungamana. Limekaa masikioni mwetu tangu enzi za Mwalimu Nyerere: sera ya kutofungamana na upande wowote, Umoja wa Nchi Zisizofungamana uliozinduliwa Belgrade mwaka 1961, mkutano wa maandalizi wa umoja huo uliofanyika Dar es Salaam Aprili 1970. Ni neno zuri, lina historia, na ukilitamka Butiama hakuna anayeuliza maana yake. Lakini litazame lilivyofanya kazi. Kufungamana ni kufungwa pamoja, kama mizigo miwili katika kamba moja. Nchi isiyofungamana ilikataa kufungwa na Marekani au na Umoja wa Kisovieti. Haikukataa kuwa na msimamo. Tarehe 13 Aprili 1968, vita vya Nigeria vikiwa vinaendelea, Tanzania iliitambua Biafra, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Iliwapa wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji kambi na njia. Mwaka 1973 ilivunja uhusiano na Israel, na chama cha ukombozi cha Palestina kikapata ofisi Dar es Salaam. Uhusiano na Israel ulirudi mwaka 1995. Nchi ile ile isiyofungamana ilichagua upande kila ilipoona haki inaelekea huko, na ilisema hivyo kwa sauti. Basi mwandishi wa kumbukumbu akilichukua neno hili, amechukua neno la mwanadiplomasia. Linamruhusu kutoa hukumu ilimradi asiwe amefungwa na mkubwa. Kazi yake inamtaka zaidi ya hapo.

Kutopendelea ni neno la hakimu, la mwamuzi wa mpira na la mwalimu anayesahihisha mtihani. Wote hao wana cha kugawa: haki, penalti, alama. Mwandishi wa kumbukumbu hagawi kitu. Chuo cha Columbia na wanafunzi wake hawakuja kwake kuamuliwa.

Vyumba vya habari vya Tanzania vina neno lao: mizania, na kwa lugha ya kazini, kubalansi stori. Mwandishi chipukizi hufundishwa kwamba habari bila mizania haitoki gazetini. Neno hili nalipenda kwa sababu linamlazimisha mtu kunyanyua simu na kumtafuta anayetuhumiwa. Kasoro yake ni kwamba mizani hutaka vitanga viwili tu. Kambi za 2024 zilikuwa na wanafunzi waliolala kwenye mahema, wanafunzi wa Kiyahudi waliosema kaulimbiu za kambini zinawatisha, wanafunzi wengine wa Kiyahudi waliokuwa ndani ya mahema hayo hayo na kula humo mlo wa Pasaka yao, wakuu wa chuo, walimu, wafadhili, polisi, na wabunge waliowahoji wakuu wa vyuo mjini Washington. Ukiwagawa wote katika vitanga viwili umeshawaandikia hadithi ambayo wenyewe hawakuiishi. Mizania ina kishawishi kingine kibaya zaidi: aya kwa aya, neno kwa neno, hata pale ushahidi wa upande mmoja ni picha za video na wa upande wa pili ni tetesi.

Linabaki kutoegemea upande. Hili ndilo ninalolitetea, na sababu yangu imo katika kitenzi chenyewe. Anayeegemea ameuweka uzito wake juu ya kitu kingine; kikiondolewa, anaanguka. Asiyeegemea anasimama kwa miguu yake. Kitenzi hiki hakimwambii mwandishi asiwe na moyo. Mwanafunzi wetu wa Iringo anaweza kulia kwa ajili ya watoto wa Gaza, au kwa ajili ya vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo wakauawa katika shambulio la 7 Oktoba 2023, au kwa ajili ya wote. Kinachokatazwa ni kumbukumbu yake kutegemea kilio hicho ili isimame. Kila sentensi isimame kwa ushahidi wake na kwa jina la aliyeisema.

Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka. Ugumu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina maneno yaliyokwisha kuegemea kabla hujayashika.

Chukua kudai na kusema. Katika habari zetu nyingi polisi husema, waziri hueleza, lakini mwanafunzi hudai. Kudai kunabeba shaka. Msomaji anasikia kwamba huenda si kweli. Ukiandika "chuo kilisema mahema yanahatarisha usalama, wanafunzi walidai hawakumdhuru mtu", umeshaamua kesi kwa vitenzi viwili. Kusema kunatosha kwa wote. Kudai tukuachie madai halisi: waliyokuwa wakiyataka.

Chukua kufa. Kiswahili kina adabu kubwa mbele ya msiba, nasi tuna kufariki, kupoteza maisha, kutangulia mbele ya haki. Adabu hiyo ni tamu kwenye tanzia, lakini katika kumbukumbu ya vita inamficha muuaji. Watu wapatao 1,200 waliuawa Israel tarehe 7 Oktoba 2023, na wengine wapatao 250 wakachukuliwa mateka. Kufikia mwisho wa Aprili 2024, Wizara ya Afya ya Gaza, iliyokuwa chini ya utawala wa Hamas, ilikuwa imehesabu Wapalestina zaidi ya 34,000 waliouawa, hesabu ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiinukuu. Jaribu kubadilisha neno moja katika sentensi ya pili, uandike "waliopoteza maisha". Hakuna namba iliyobadilika, na tayari wafu wa upande mmoja wana muuaji na wa upande mwingine hawana. Kinyume chake ni kosa lile lile.

Neno wanamgambo lina matatizo ya kwetu kabisa. Redio za nje huwaita hivyo wapiganaji wa Hamas. Kwa mkazi wa Iringo mgambo ni yule anayeongozana na maofisa wa manispaa kukagua vibanda, na wazee wa Mara wanawakumbuka mgambo waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Hapa neno linalotumika huko kama lawama ya upole linageuka karibu sifa. Upande wa pili kuna wapigania uhuru, neno ambalo Tanzania ililitumia rasmi kwa FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini na wengine tangu Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi za Afrika (OAU) ilipowekwa Dar es Salaam mwaka 1963, wakati Wareno na Makaburu wakiwaita watu hao hao magaidi. Sikio la Mtanzania limelelewa na neno hilo. Mwandishi asiyeegemea halazimiki kulionea aibu. Analazimika kujua kwamba analo sikioni, kisha aandike "wapiganaji wa Hamas", na pale anapohitaji neno gaidi au mpigania uhuru, amtaje aliyelitamka.

Hata maandamano si neno tulivu. Kuandamana ni kufuatana njiani, mmoja nyuma ya mwingine. Columbia mwaka 2024 watu walikaa. Walipiga kambi, wakakataa kuondoka, kisha baadhi wakaliteka jengo. Ukiyaita yote maandamano unapunguza. Ukiyaita vurugu unaongeza. Kiswahili kinatosha kabisa kusema kila tendo kwa jina lake: kambi, mgomo, msafara, kuteka jengo, kukamatwa. Majina ya matendo huegemea kidogo kuliko majina ya hukumu.

Tusidhani jambo hili ni la Marekani. Serikali ya walowezi ya Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi ubalozi wa Uingereza, na mali ikaharibiwa. Mwalimu aliwakemea na kutaka waombe radhi. Mwezi uliofuata serikali yake yenyewe ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ile ile iliyowatoa wanafunzi chuoni. Mambo hayo mawili yakiandikwa bega kwa bega, msomaji anaona mwenyewe kwamba Mwalimu hakuwapinga katika jambo lenyewe, alipinga namna. Mwandishi hahitaji kumsaidia kwa kivumishi.

Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 waliandamana tena, safari hii dhidi ya masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwa na mabango, mojawapo likisema ni afadhali wakati wa mkoloni. Walifukuzwa. Ukitaka kuandika habari hiyo leo, tazama magazeti ya siku zile: The Nationalist na Uhuru yalikuwa ya chama tawala, TANU, The Standard lilikuwa la wenye mitaji wa nje hadi lilipotaifishwa Februari 1970, na Ngurumo lilikuwa la mtu binafsi. Kila gazeti lilikuwa na mwenyewe. Kutoegemea hapa ni kuyasoma yote na kumwambia msomaji ni lipi la nani. Kunyamazia mwenye gazeti ni kumwegemea bila kujua. Na sisi wa Musoma tuna sababu ya ziada ya kujali: ni katika mji huu, Novemba 1974, TANU ilipitisha Azimio la Musoma lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Aliyekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, baada ya hapo alikuwa mara nyingi mtu mzima mwenye kazi na familia. Kumbukumbu inayomwita kila mwanafunzi wa miaka hiyo "kijana mwenye damu moto" inakosea tangu neno la kwanza.

Columbia nayo ina kumbukumbu zake. Hamilton Hall ile ile ilitekwa Aprili 1968, wakati wa vita vya Vietnam, na polisi wakawaondoa wanafunzi tarehe 30 Aprili, tarehe ile ile ya 2024. Waliokamatwa mwaka 1968 walizidi 700. Aprili 1985 ilizingirwa tena, wanafunzi wakitaka chuo kiondoe fedha zake katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Leo ni rahisi kuandika tukio la 1985 kana kwamba wote waliliona sawa siku ile. Haikuwa hivyo, na kumbukumbu njema ya 1985 ina maneno ya wakuu wa chuo waliokataa, yakiwa kamili, hata kama historia haikuwafuata.

Neno zito kuliko yote ni mauaji ya kimbari. Afrika Mashariki tunalifahamu kwa uchungu: Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Wanafunzi wa kambini walilitumia kwa Gaza. Serikali ya Israel ililikataa. Mwandishi afanye nini? Aandike kilichofanyika. Tarehe 29 Desemba 2023 Afrika Kusini iliishtaki Israel katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tarehe 26 Januari 2024 mahakama ilitoa amri za muda bila kuamua kama kosa limetendeka. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alizipinga amri zote, na serikali ya Uganda ikasema kura yake si msimamo wa nchi. Msomaji wa Bunda akipewa hayo manne kwa mpangilio huo, atajua neno limetoka kwa nani, limefika wapi mahakamani, na nani wa kwetu alikuwa kwenye kiti kipi.

Kinabaki kichwa cha ukurasa. "Maandamano ya kuunga mkono Palestina" ni jina ambalo washiriki wengi wangelikubali na wapinzani wao wangelikataa. "Vurugu za vyuoni" ni kinyume chake. Mimi ningeandika "Kambi za wanafunzi katika vyuo vya Marekani kuhusu vita vya Gaza, 2024", halafu aya ya kwanza itaje majina yote mawili pamoja na wanaoyatumia. "Vita vya Gaza" nalo ni jina linalotaja mahali tu. Anayetaka kuwataja wanaopigana ataandika "vita kati ya Israel na Hamas", na atakumbuka kuongeza kwamba vilianza na shambulio la 7 Oktoba 2023 katika mgogoro ulioanza miongo mingi kabla ya hapo. Kichwa kitakuwa kirefu. Kiache kiwe kirefu.