Wanawake Watatu Nyuma ya Fomu Moja

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali za Marekani. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Tanzania. Hakuna fomu inayowakera kama ile ya kuandika jina la mtu mmoja atakayekuamulia matibabu siku utakaposhindwa kusema. "Mwanangu, mtu mmoja? Na ukoo wote uko hai?" mzee mmoja aliniuliza. Swali la haki kabisa. Ila fomu hii ilizaliwa kwenye vitanda vya wagonjwa.

Aprili 1975, Karen Ann Quinlan wa New Jersey, msichana wa miaka 21, alipoteza fahamu, akawa anapumulia mashine. Wazazi wake, Wakatoliki walioshauriana kwanza na padri wao, waliomba mashine iondolewe, madaktari wakakataa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo ikampa baba yake uamuzi. Mashine ilipoondolewa, Karen akaendelea kupumua mwenyewe! Alifariki mwaka 1985.

Mwaka huohuo wa 1976, California iliruhusu watu kuandika mapema kwamba, wakiwa mahututi, wasirefushiwe maisha kwa mashine. Lakini karatasi haijibu maswali ya daktari. Mwaka 1983 jimbo hilo likaruhusu kuteua mtu wa kukusemea.

Januari mwaka huo, Nancy Cruzan, miaka 25, alipata ajali ya gari Missouri na hakuzinduka tena. Wazazi wake walitaka mrija wa chakula utolewe. Juni 1990, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikasema jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa wazi wa alichotaka Nancy mwenyewe. Mapenzi ya wazazi hayakutosha. Hapo ndipo wengi waliposhtuka. Bunge likapitisha sheria, ikaanza kutumika Desemba 1991: hospitali zinazolipwa fedha za serikali zimweleze kila mtu mzima anayelazwa haki yake ya kuandika matakwa yake na kuteua msemaji. Ndiyo maana fomu inakungoja mapokezi.

Kisa cha Terri Schiavo wa Florida ndicho ninachowasimulia wanaobisha. Alianguka Februari 1990, akiwa na miaka 26, bila kuacha maandishi yoyote. Mumewe akasema hili, wazazi wake lile. Mrija ulitolewa ukarudishwa mara mbili, kesi ikafika hadi Bunge na kwa Rais Bush, mpaka Terri akafariki tarehe 31 Machi 2005. Hao nao walikuwa ukoo.

Fomu haikatazi kikao cha ukoo, kaeni, shaurianeni. Ila mkibishana, daktari atamsikiliza uliyemwandika, na kwa kawaida ni pale tu wewe huwezi kuamua. Kwa maoni yangu, usimchague kwa sababu ni mkubwa wa familia. Mchague anayepokea simu, asiyemwogopa daktari wala shangazi, na umweleze unachotaka kabla hujatia sahihi.