Siku Nyepesi Kwenye Njia Ndefu

Siku hiyo bahari ilikupwa mapema. Kufikia saa moja asubuhi, mimi na binamu yangu tulikuwa tumeshakula mahamri kwa mbaazi na viatu tumevitia kwenye begi. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo: kutembea kutoka Galu, kupitia Kinondo, mpaka Gazi. Kama kilomita kumi hivi. Hakuna mlima, hakuna hema. Ukichoka, barabara ya Lunga Lunga iko upande wa kulia, unasimamisha matatu na safari imeisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkungu alitukodolea macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwenda wapi?"

"Gazi."

"Kwa miguu? Na pikipiki zote hizi?" Akacheka, akarudi kwa nyavu zake.

Swali lake lilinifuata mchangani. Kutembea mbali kwa starehe ni jambo la juzi katika pwani hii. Zamani, wengi waliotembea mbali walibeba mzigo wa mtu mwingine. Na wapo ambao wao wenyewe ndio waliokuwa mzigo.

Shuleni tulisoma kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao la Unguja. Tukaandika tarehe, tukafungua ukurasa mwingine. Kilichofuata hakikuwa kwenye mtihani. Manowari za Waingereza zilikuwa baharini, nchi kavu hakukuwa na wa kuzuia, basi wafanyabiashara wakahamishia biashara yao barabarani. Watu walitembezwa kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakapitishwa nyuma ya Dar es Salaam hadi Pangani. Baadhi walivushwa kwa siri kwenda kwenye mikarafuu ya Pemba. Wengine waliendelea na pwani, wakaja huku kwetu, hadi mashamba ya Malindi.

Ofisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, alisafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Kwa mwezi mmoja alihesabu watumwa 4,096 wakipita. Mwezi mmoja tu, tena kwenye kipande kimoja cha njia. Barghash alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu mwaka 1876.

Kutoka Kilwa mpaka Gazi ni zaidi ya kilomita 500. Mimi kwenye kilomita ya nne nilikuwa nimeshaanza kulalamika kuhusu kidole.

Kinondo tulipumzika. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ukiingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na huruhusiwi kutoka na kitu, hata jani. Ndani kuna baridi na kimya. Kaya zilikuwa vijiji vilivyofichwa na kulindwa na msitu, na nikiwa pale nilielewa kwa nini: watu wengine waliitazama njia, wengine walijificha nayo.

Tulifika Gazi mchana. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui. Baada ya Seyyid Said kuwanyang'anya Wamazrui Mombasa mwaka 1837, baadhi yao walihamia Gazi. Mbaruk alipigana na Zanzibar mara kadhaa, kisha na Waingereza. Mwaka 1895 wakaibomoa ngome yake ya Mwele, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani. Tukimtafuta shujaa wa kupinga ukoloni Pwani, jina lake haliko mbali. Lakini yeye na ukoo wake walikuwa na mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa. Gazi haikuwa kando ya ile njia ndefu. Kwa baadhi ya waliotembezwa, Gazi ndiyo ilikuwa mwisho wake.

Sisemi tumfute Mbaruk. Nasema tukimsimulia, tusimulie na waliomlimia. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 34 baada ya ule mkataba wa kwenye mtihani. Shimoni tunalipa kiingilio kuona pango, tunapiga picha. Hii njia ya miguu haina kibao. Tunaiita beach, tunatandika leso.

Tulikunywa madafu, tukapita kwenye daraja la mbao la akina mama wa Gazi katikati ya mikoko, kisha tukatoka barabarani kungoja matatu. Binamu yangu alikuwa anakung'uta mchanga vidoleni.

"Kesho tuendelee mpaka Msambweni?"

Nikaitazama miguu yangu. "Tutaona tukiamka," nikamwambia.